Dakika Moja ya Kutafuta

Majira thelathini na moja ya baridi Bi Fundi alimfunga mumewe zipu ya mgongoni, na mumewe akamfunga yake. Suti kavu ya kuzamia haina adabu ya nguo nyingine. Zipu yake inapita kutoka bega hadi bega, na hata ujipinde kama samaki mkunga huwezi kuifunga mwenyewe. Ndiyo maana wazamiaji wa maji baridi hawaendi peke yao, na ndiyo maana, Bi Fundi alizoea kusema, ndoa yake haikuvunjika. "Tungenuniana vipi," aliwaambia wateja, "na kila Jumamosi nahitaji mtu wa kunifunga?"

Jina la Bi Fundi alilipata kwa kuzishona na kuziziba suti hizo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu, cherehani mbili, makopo ya gundi, na beseni kubwa ambamo alizitumbukiza suti zilizojazwa upepo ili aone mapovu yanatokea wapi. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa chini ya maji. Maisha yake yote ya kazi aliunga nguzo za madaraja na matumbo ya meli. Kwenye chama chao cha wazamiaji walimwita Chaza, kwa kuwa kinywa chake kilifunguka kwa nadra na kwa shida. Watu wasiomjua waliposikia kwamba ni mzamiaji walicheka, wakidhani ni wale wanaoingia kwenye sherehe za watu bila kadi. Chaza hakuwasahihisha. Alikula keki yao, akanyamaza.

Ugonjwa wake ulikuja kwa kunyata. Alistaafu, akaanza kuuliza kama binti yao ametoka shuleni, na binti yao alikuwa mkaguzi wa lifti katika mji mwingine, mwenye miaka thelathini na mvi mbili. Siku moja alikwenda kununua mkate akarudishwa nyumbani na mwanamke wa duka la maua, mtaa wa tatu kutoka kwao. Alikuwa amesimama mle saa nzima kwa heshima zote, akingoja mkate utoke. Daktari alimwambia achore saa. Chaza akainama, akachora duara safi la fundi, akaweka tarakimu kuanzia sifuri hadi arobaini, na mshale mmoja. Alikuwa amechora kipimo cha kina cha maji. Bi Fundi akacheka. Kisha akaona daktari hacheki.

"Mama, mwaka huu hamzamii," binti alisema kwenye simu.

"Tutaona."

"Hiyo 'tutaona' yako naijua tangu nikiwa na meno ya utoto."

Bi Fundi alikuwa na hoja zake. Jumamosi ya kwanza baada ya majani kuanguka walikuwa wameshuka pamoja, bahari ikiwa bado chafu, na yeye ndiye aliyepoteza mwelekeo. Chaza alimshika mkono akampeleka moja kwa moja hadi kwenye kamba ya boya, bila dira, kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Chini kule hakukuwa na maneno ya kusahau. Kulikuwa na ishara kumi na tano za mikono na mwili uliokuwa ukizijua kabla ya kuwa na mke. Bi Fundi akajiaminisha kwamba nchi kavu ndiyo iliyomkataa mumewe, bahari bado ilikuwa naye. Cheti cha afya ambacho chama kilidai kwa kila mzamiaji kilikuwa kimesainiwa miezi miwili kabla ya ile saa yenye mita arobaini, na kilikuwa hai hadi mwisho wa msimu. Hakumdanganya mtu. Alinyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amefunzwa na bingwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akificha maradhi ya mtu wa pili.

Kila mwaka, katika mwezi wa baridi kali kuliko yote, chama chao kiliihesabia taasisi moja ya utafiti samaki fulani waliotaga kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi, nje ya bandari ya zamani. Samaki hao ni wanene, wa mviringo kama ngumi mbili zilizounganishwa, na tumboni wana kifyonzo cha kujishikiza kwenye jiwe. Jike hutaga, akaenda zake. Dume hubaki. Wiki nne, tano, sita hukaa juu ya mayai akiyapepea kwa mapezi, hali, halali, hatoki. Wazamiaji walimwita Baba Mlezi. Na hakuna mtu aliyejua kumwona Baba Mlezi katikati ya mawe kama Chaza.

Asubuhi ya kuhesabu, theluji ilikuwa imelala juu ya gati, na bahari ilikuwa shwari. Watu huuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aingie majini wakati kama huo. Jibu ni kwamba bahari ya kiangazi ni uji wa kijani, huoni kiganja chako, na baridi ikishika vile vimea vidogo vya kijani hufa vyote, maji yakabaki kama kioo kilichofutwa. Unalipia kwa vidole na midomo, lakini unaona.

Mwendesha boti siku hiyo alikuwa Bwana Hewa, mjaza mitungi wa chama, rafiki yao wa miaka mingi. Alimkuta Chaza ameketi chumba cha kubadilishia nguo, mapezi yamelala mapajani, akiyatazama kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya watu.

"Hayo ya miguuni, Chaza, siyo ya masikioni," alimtania.

Chaza akatabasamu, akayavaa, sawasawa kabisa. Bwana Hewa akamvuta Bi Fundi pembeni, karibu na hita.

"Mzee yuko sawa?"

"Hakulala vizuri."

"Mnaweza kuhesabu wiki ijayo."

"Wiki ijayo upepo utageuka. Twende."

Bwana Hewa akamtazama kidogo kuliko ilivyostahili, akasema, "Haya, nyinyi ni watu wazima," akaenda kupakia mitungi.

Boti ilifungwa kwenye boya la nje. Kabla ya kuruka, Chaza alikagua hewa yake, akakagua ya mkewe, akamwonyesha kidole cha onyo kuhusu kipumulio: usikivutie pumzi juu ya maji, kwa maana katika baridi ile umande wa pumzi hugeuka barafu ndani yake, kikakwama wazi na kumwaga hewa yote. Somo hilo alimpa kila mwaka. Bi Fundi alipoliona tena, moyo wake ukatulia. Wakaingia.

Maji ya nyuzi nne yalimbana paji la uso kama koleo. Midomo ikauma, halafu ikaacha kuwa yake. Baada ya hapo likaja lile jambo lililomrudisha kila mwaka: ukuta mzima ukajitokeza mbele yake, mita kumi na nne kwenda chini, kila jiwe na kivuli chake. Kome weusi walikuwa wamejipanga kwa maelfu. Viti vya pweza vya rangi ya chungwa vilikuwa vimewakumbatia kwa mikono yao mitano vikiwatafuna taratibu. Kamba-mti mmoja alichomoza pembe zake mbili nje ya tundu, akazipunga, akazirudisha ndani kama mzee aliyechungulia mlangoni akaona wageni hawana maana. Sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, akaja kutoka nyuma, akaliuma pezi la Chaza, akalivuta. Chaza akacheka. Chini ya maji kicheko ni mapovu tu, lakini Bi Fundi alikijua kile cha mumewe hata kingekuwa katikati ya mia.

Wakaanza kuhesabu. Chaza alitangulia na tochi, akiielekeza pembeni ili asimtishe samaki, akaonyesha kwa kidole. Bi Fundi alifuata na kibao cha plastiki na penseli. Wa kwanza. Wa pili, chini ya chuma kilichooza. Wa tatu alikuwa na kaa mbele yake aliyekuja kuiba mayai, naye akamgonga kaa yule kwa kichwa, mara tatu, mpaka kaa akaondoka kiubavu. Wa nne, wa tano. Wa sita alikuwa amekonda, rangi yake nyekundu imepauka, na mayai chini yake yalikuwa yameanza kuonyesha macho. Chaza alikaa mbele yake muda mrefu. Bi Fundi akainamisha kichwa kuandika, vidole vikiwa vizito kama vya mtu mwingine.

Alipoinua uso, mumewe alikuwa akimtazama.

Alimfanyia ishara: uko sawa? Hakujibiwa. Akaifanya tena. Chaza akaleta vidole viwili vya shahada pamoja, ubavu kwa ubavu, maana yake mwenzangu. Kisha akavitenganisha, akafungua viganja vyote viwili.

Mwenzangu yuko wapi?

Bi Fundi alidhani ni mzaha, ingawa kwa miaka thelathini na moja hakumwona akifanya mzaha majini. Akajipiga kifuani: mimi. Chaza akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyotikisa kichwa mtu dukani akiletewa kiatu kisicho saizi yake. Akamsogelea, akammulika usoni, akamtazama kwenye miwani kwa makini, akaugeuza mwanga pembeni.

Kuna kanuni ambayo kila mzamiaji hufundishwa siku ya kwanza. Ukimpoteza mwenzako, mtafute dakika moja, usizidishe, halafu panda juu mkutane huko. Chaza akatazama saa yake. Akaanza kujizungusha polepole, mwanga wa tochi ukipita juu ya mawe, juu ya mwani, juu ya maji matupu ya nje yanakoanzia mkondo. Alitazama chini. Alitazama juu kutafuta mapovu. Hakukosea hatua hata moja. Ule mwanga ulimpita Bi Fundi mara ya kwanza, ukampita mara ya pili.

Bi Fundi hakuthubutu kumgusa. Mtu aliyeshikwa ghafla na asiyemjua, mita kumi na nne chini, anaweza kupigana, na kipumulio kikitoka mdomoni katika baridi ile, hakuna wa kusimulia. Hakuthubutu pia kuachana naye. Alibaki pale, akielea mbele ya mumewe na mikono wazi, akitafutwa. Machozi yalimjia, akashindwa kuyafuta, maana miwani haifunguliwi.

Dakika ikaisha. Chaza akaiangalia saa mara ya mwisho. Akamgeukia yule mzamiaji mgeni, akamwonyesha kidole gumba: twende juu. Akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa uthabiti, kwa sababu mzamiaji aliye peke yake haachwi nyuma hata kama si wako. Mita tano chini ya uso wa maji walisimama dakika tatu kama inavyotakiwa, wakijishikiza kwenye kamba ya boya. Kwa dakika zote tatu Chaza alikuwa akitazama chini.

Kichwa chake kilipotoka majini alikitema kipumulio, akapiga kelele ambazo Bi Fundi hakuwahi kuzisikia.

"Mke wangu! Mke wangu amebaki chini!"

Bwana Hewa alisimama kwenye boti. Aliwaingiza wawili, vichwa viwili vilikuwa mbele yake. "Chaza, mkeo si huyo hapo?"

"Huyu nimemkuta tu huko chini! Ita watu! Amevaa suti nyeusi, bega la kushoto lina kiraka chekundu!"

Kiraka chekundu kilikuwa kikielea shubiri moja kutoka puani mwake.

Chaza hakungoja. Alikirudisha kipumulio mdomoni, akavuta pumzi mbili ndefu kwa pupa juu ya maji, kosa lile lile alilolikanya kila mwaka. Kipumulio kikaganda wazi. Hewa ikaanza kumwagika kwa kishindo, mapovu yakichemka kuwazunguka, naye akiwa anapiga mapezi kutaka kuzama hivyo hivyo. Bi Fundi aliudaka mtungi wake kwa nyuma, akajaza upepo kwenye fulana yake ya kuelea, akamng'ang'ania. Mumewe, mtu wa miaka sitini na minane, alimpiga kiwiko cha shavu.

"Niache! Dakika zinakwisha! Ana hewa ya nusu saa tu!"

Ndipo Bi Fundi akapaaza sauti. "Amepatikana!"

"Nani kasema?"

"Redio! Boti nyingine imemtoa!"

Bwana Hewa alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Kweli, Chaza," alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati. "Wametangaza sasa hivi. Wanaye."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ana baridi?"

Bi Fundi ndiye aliyejibu. "Ana baridi sana. Lakini ni mzima."

Mwili wa Chaza ukalegea wote kwa mara moja. Akalilaza paji lake juu ya bega la kushoto la yule mwanamke aliyemshikilia, akalia kama watoto wanavyolia, kwa kwikwi. "Asante, dada," alisema. "Asante sana, dada." Majina mengi alimwita katika ndoa yao, mengine ya chumbani. Hilo halikuwahi kuwamo.

Hospitalini walimpima mapafu na masikio, wakamkuta hana dosari. Bwana Hewa aliwasubiri kwenye korido na nguo zao kavu kwenye mfuko wa plastiki. Chaza alipoingizwa kwenye chumba cha picha, Bwana Hewa aliuliza bila kumtazama Bi Fundi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya majani kuanguka."

Bwana Hewa aliukunja mdomo wa mfuko. Halafu akasema, "Mngekufa wawili. Na hewa niliwajazia mimi." Akampa ule mfuko, akaenda. Wiki iliyofuata alitoa taarifa kwa kamati kama alivyopaswa, na kamati ikamfuta Bi Fundi kwenye orodha ya wazamiaji kwa miaka miwili. Hakupinga. Hesabu ya mwaka ule iliishia samaki sita.

Binti alifika Jumatatu, amechukua likizo. Mama yake alimsimulia yote mezani, bila kujitetea hata kwa neno moja, shavu likiwa bado na rangi ya zambarau. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, ulitaka afie huko?"

Bi Fundi angeweza kukasirika. Badala yake alilitafuta jibu kwa muda, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Sijui," alisema. "Nilitaka kuwe na mahali fulani ambapo bado ni mzima. Sikuwa na pengine pa kumpeleka."

Binti akainuka, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alihamia kwao kabla mwezi haujaisha, akawa anakwenda kazini kwa treni ya alfajiri.

Tangu siku ile ya ukutani, Chaza hakumjua tena mkewe isipokuwa asubuhi mojamoja, na hata hizo zilikauka. Kwake yeye mke alikuwa baharini. Siku nyingine alikuwa amepatikana, anachelewa tu kuletwa. Siku nyingine alikuwa bado anatafutwa, na Chaza hakai kitini. Siku mbaya zaidi alikuwa amekufa, na mumewe aliamka na habari hizo mpya kabisa, akaomboleza kuanzia mwanzo. Mwanzoni Bi Fundi alimshika mikono, akamwambia, "Mimi ndiye mkeo. Nitazame. Niko hapa." Chaza alijinasua kwa hasira ya mtu mstaarabu. "Dada, usifanye mchezo na msiba wa mtu." Baada ya mara ya nne au ya tano akaacha kumwambia. Hakuna aliyemfundisha mke namna ya kuwa marehemu. Alijifunza mwenyewe. Alimwosha na kumlisha mtu aliyekuwa akimlilia, na akitaka kulia yeye alikwenda kufungua bomba la beseni.

Kwa Chaza, mwanamke huyu alikuwa fundi aliyeletwa na chama kuja kuziba suti. Alimpenda. Kila asubuhi alikibeba kiti chake hadi karakana, akakaa karibu na meza ya gundi, na hapo, katika uzee na maradhi, chaza akafunguka. Aliongea. Bi Fundi, aliyeishi na kimya chake miaka yote, alisimama na brashi ya gundi mkononi akisikiliza habari za mke wa huyu mzee: kwamba alikuwa na miguu ya baridi kama vyura, kwamba alikoroma na kukana, kwamba hakujua kuimba na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Ulimpenda?" aliuliza siku moja, akijiona mwizi.

"Swali gani hilo, fundi?" Chaza alishangaa kweli. "Wewe ukiona gundi imeshika unaiuliza?"

Hapa lazima isemwe habari ambayo hata binti yao hakuijua. Kabla yake alizaliwa mtoto wa kiume, katika mwezi wa baridi kali, naye hakuvuta pumzi. Walimzika. Siku ya pili baada ya maziko Chaza alichukua mtungi na suti, akatoka. Bi Fundi alikuwa kitandani, maziwa yamejaa, kifua kimefungwa kwa kitambaa, akausikia mlango. Chaza alirudi mchana, akapika, hakusema kitu. Bi Fundi hakuuliza. Aliliweka jambo lile mahali, na likakaa hapo zaidi ya miaka thelathini kama kokoto kiatuni, ambayo mtu huizoea hata akasahau kwamba anachechemea.

Asubuhi moja mvua ilikuwa ikipiga dirisha la karakana, na Chaza akaanza tu, macho yake kwenye beseni.

"Sisi tulikuwa na mtoto, fundi. Alizaliwa ameshakwenda."

Brashi ya Bi Fundi ikasimama.

"Mke wangu hakuniona nikilia. Nadhani aliniona mtu wa chuma, kama kazi yangu. Lakini yeye alikuwa na maumivu yake mpaka hapa. Nimwongezee na yangu? Nikaenda chini, kule ukutani. Chini mtu akilia hakuna anayesikia. Miwani ikajaa nikawa sioni, nikaimwaga, ikajaa tena. Kulikuwa na Baba Mlezi mmoja juu ya mayai yake, anapepea. Nikamwonea wivu, samaki. Nikakaa naye mpaka hewa ikakaribia kwisha, na nakwambia kweli, fundi, nilifikiria kuiacha iishe. Halafu nikakumbuka hakukuwa na mtu nyumbani wa kumpikia."

Mvua iliendelea. Bi Fundi aliirudisha brashi koponi. "Ulimwambia haya mkeo?"

"Nilikuwa nangoja aniulize."

"Labda naye alikuwa anangoja umwambie."

"Labda." Chaza alifikiri, uso wake ukakunjamana. "Wewe unazunguka kwenye boti za watu. Ukimwona, mwambie."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sisahau."

Hakulitaja tena. Kesho yake alikuwa na habari za meli iliyotoboka, na keshokutwa hakuwa na habari. Maneno yalimwisha kama yalivyokuwa yamekuja, na kufikia kiangazi alikuwa Chaza tena, kimya, akishikilia ukingo wa beseni kwa mkono mmoja. Alifariki mwanzoni mwa baridi iliyofuata, kwa homa ya mapafu, saa nne asubuhi, mkewe akiwa upande mmoja na binti upande mwingine. Mwisho alikuwa akilalamika soksi zimembana. Binti akazivua.

Siku hiyo hiyo, wakiwa wamekaa jikoni na karatasi za hospitali, Bi Fundi alimwambia mwanawe kwamba alikuwa na kaka. Alimwambia yote: kitambaa kifuani, mlango, samaki, hewa iliyokaribia kwisha. Binti akaweka kalamu chini.

"Alizikwa wapi?"

Mtunza makaburi alikuwa mwanamume mwenye mafua na miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Makaburi ya watoto wa namna ile, alieleza, hayakuandikwa majina enzi hizo, yalipewa namba. Akatoa daftari moja, akatoa la pili, akalamba kidole, akafunua. Bi Fundi aliutaja mwaka na mwezi. Tarehe aliisahau, kisha akaikumbuka. Walimpata ukurasa wa kushoto: mia mbili na kumi na tatu.

"Tunataka baba yake alale pembeni yake," binti alisema.

"Pembeni hakuna nafasi, mama. Pamejaa zamani." Alipiga chafya, akaomba radhi. "Safu ya nyuma, naweza kuwapa pale penye ua wa mbao."

Aliwapeleka kuwaonyesha. Theluji ilikuwa ya kwanza, nyembamba, nyasi zikichomoza. Namba mia mbili na kumi na tatu ilikuwa kigingi cha saruji kisichozidi kimo cha glasi, kimeinama kidogo. Bi Fundi alipiga magoti, akakifuta kwa glovu. Alijaribu kukinyoosha, hakikukubali. Binti alikwenda hadi penye ua, akageuka, akarudi akihesabu hatua zake kwa sauti ndogo, kama anavyopima kazini.

"Kumi na moja," alisema.

"Panafaa," Bi Fundi alimwambia mtunza makaburi. "Tuandikie hapo."

Yule bwana akatoa kalamu mfukoni, wino ulikuwa umeganda, akaanza kuipulizia pumzi ya moto. Wakasimama wote watatu wakingoja iandike.